Uvimbe Ulioachwa

Daktari alipoitazama picha ya ultrasaundi, damu ilimchemka. Mrija wa nyongo wa yule binti mdogo ulikuwa umevimba kama puto, kasoro aliyozaliwa nayo, na pembeni palionekana mshono wa zamani uliouunganisha na utumbo. Kumbe mtu alishapasua hapa! Alitoboa uvimbe, akauunganisha na utumbo ili nyongo ipite, kisha akauacha palepale. Uvimbe ukiachwa hivyo hupata maambukizi kila mara, na miaka ikienda unaweza kuzaa saratani.

Faili lilionyesha kwamba aliyepasua alikuwa mwalimu wake mwenyewe, yuleyule aliyewaimbia darasani kwamba uvimbe huu hutolewa wote. Ama kweli, mganga hajigangi.

"Macho yamekuwa ya njano tena tangu lini?" alimuuliza mama wa mtoto.

"Mwezi uliopita. Lakini mafuta simpi, daktari, haki ya Mungu! Yule mzee aliyempasua alisema mafuta ndiyo yanamrudishia ugonjwa. Mama mkwe anasema namlisha kwa siri. Kanifukuza jikoni."

Mtoto mbavu zilikuwa zinahesabika. Daktari alimeza hasira, maana hasira haishiki kisu.

Upasuaji ulikuwa mgumu. Makovu ya zamani yalikuwa yamegandisha kila kitu, akayabandua taratibu, akautoa uvimbe wote, kisha akaupandisha utumbo na kuushona kwenye kipande cha mrija kisicho na ugonjwa karibu na ini. Nyongo ikapita.

Mwalimu alimngoja kwenye masinki ya kunawia mikono.

"Kazi nzuri, mwanangu. Siku ile foleni ilikuwa ndefu, nikafanya ya haraka. Sasa yaishe. Funika kombe mwanaharamu apite."

"Mwanaharamu hapa ni nani, mwalimu? Mtoto au mama yake?"

Mzee akafungua bomba, akanawa mikono.

Daktari alikwenda wodini akamweleza mama yote, bila kupaka asali. Mama aliweka mkono juu ya mguu wa mtoto.

"Kwa hiyo si mafuta?"

"Haikuwa mafuta hata siku moja, dada. Utuwie radhi."

"Wewe usiniombe radhi." Alisimama wima. "Mama mkwe yuko hapo nje, na mume wangu, na mawifi. Aliyesema ni mafuta aje aseme mwenyewe, mbele yao."

Daktari akageuka, akaenda kumleta mwalimu wake.