Uvundo wa Gitaa Jipya

Kakuma nzima hakuna anayejua kutunza kitu kipya kunishinda mimi. Gitaa nililonunua Lodwar nililipakata juu ya lori kama mtoto mchanga. Jumapili nikasimama mbele ya kwaya ili wanichague niwe mpigaji wao. Nilipogusa uzi wa kwanza tu, uvundo ukatoka tunduni. Nikaliinamisha gitaa, funza wakanimwagikia viatuni, weupe, wanene, wakijinyonganyonga. Nyanut, kiongozi wa kwaya, akakimbia nje kutapika.

“Huyo muuzaji wa Lodwar ni mchafu!” nikafoka, nimeziba pua. “Ameniuzia kaburi!”

“Wewe Ejore,” akasema Mama Abei, niliyepanda naye lori lile, “si nilikuona ukisukuma nyama ya mbuzi humo ndani, eti tusikuombe?”