Rangi ya Mtaa Mzima

Jumanne saa mbili asubuhi fundi rangi aliegemeza ngazi kwenye ukuta wa nyumba ya kumi na moja. Alitandika turubai chini, akakoroga ndoo ya rangi ya maziwa kwa kijiti, na kama ilivyokuwa kawaida yake akaomba kabla ya kuchovya brashi. Aliomba mvua isinyeshe, mkono wake uwe mwepesi, na ngazi isiteleze. Alipofumbua macho aliona kwamba ukuta ulikuwa umevilia damu.

Haikuwa mara ya kwanza. Mwaka uliopita alikuta alama mbili, kila moja ukubwa wa kisahani. Alizikwangua, akapiga msasa, akaziba kwa simenti ya kuzuia unyevu, na watu wakamsifu. Safari hii alihesabu kumi na nne.

Alikuwa amepaka nyumba za mtaa huo kwa miaka ishirini na tisa, na rangi alizijua kama mtu anavyowajua wanawe. Alama iliyo chini ya dirisha la jikoni ilikuwa nyekundu na ya moto, basi hiyo ilikuwa ya jana. Ya pembeni yake ilikuwa imegeuka zambarau, siku tatu hivi. Zilizoanza ukijani zilikuwa za wiki iliyopita, na zile za njano, kama chai iliyopitishwa kwenye majani yaleyale mara ya pili, zilikuwa zinakaribia kupona. Moja ilikuwa na umbo la soli ya kiatu, mistari yake yote ikihesabika. Nyingine, karibu na mlango, ilionyesha vifundo vinne vya vidole, na kwenye kimojawapo duara dogo la pete. Aliiwekea kiganja. Ukuta ukajikunyata.

"Unyevu huo," alisema Mama Duka kutoka ng'ambo ya barabara, huku akipanga sabuni rafuni. "Nyumba hiyo ina unyevu tangu zamani."

"Unyevu hauvai pete, mama."

"Fundi, umeitwa kupaka au kusoma? Paka!"

Katika nyumba hiyo aliishi mwalimu wa chekechea na mumewe. Mume aliitwa Msuluhishi na mtaa mzima, kwa sababu alikuwa katibu wa kamati ya usuluhishi, na hakukuwa na wanandoa waliogombana ambao hakuwakalisha na kuwapatanisha. Alikuwa na sauti ya upole. Misibani alibeba viti, na wagonjwa aliwapeleka hospitali kwa gari lake.

Mwalimu alitokea dirishani na kikombe cha maji, akampa fundi. Uso wake ulikuwa laini, bila hata chunusi.

"Mzee, nakuomba usipake bado," alisema. "Alhamisi afande anakuja kuangalia."

"Kuangalia ukuta?"

"Nimekwenda kituoni mara mbili. Wananiuliza, alama ziko wapi? Nawaambia ziko ukutani. Wananiambia basi zilete." Alipokea kikombe kitupu. "Ukuta siwezi kuubeba, mzee wangu."

Fundi aliuliza tangu lini. Mwalimu akasema tangu mwaka wa pili wa ndoa. Zamani alama zilikaa mwilini mwake kama za watu wengine, na watoto darasani walikuwa wakimgusa shavuni na kumuuliza, mwalimu, umejipaka nini? Ndipo akapiga magoti akaomba watoto wasizione tena. Kesho yake uso ulikuwa safi, na ukuta wa mbele ulikuwa na jicho lililovimba.

"Niliomba vibaya," alisema. "Niliomba alama ziondoke. Sikuomba ngumi ziondoke. Maumivu yalibaki kwangu."

"Mungu alikusikia, mwanangu."

"Alinisikia. Ila hao wa kituoni bado."

Fundi alifunika ndoo yake na kumwahidi kwamba hatapaka mpaka Alhamisi ipite.

Jumatano alikuja mwenyekiti wa mtaa, akitembea upesi na karatasi mkononi. Jumamosi ilikuwa siku ya mashindano ya mtaa nadhifu, na waamuzi wangetoka manispaa. Mtaa wao ulikuwa umeshika nafasi ya pili miaka mitatu mfululizo.

"Nyumba thelathini na mbili ziko tayari, na wewe umekaa mbele ya ukuta mmoja kama mtu aliyekuja kuposa!"

"Namngoja afande, mwenyekiti. Kuna dada anapigwa humu."

Mwenyekiti alizitazama alama moja baada ya nyingine bila haraka. Alikohoa. "Hilo ni la kifamilia. Lipelekwe kwenye kamati ya usuluhishi."

"Katibu wake ndiye huyo mume."

"Vizuri basi, halitachelewa."

Alhamisi saa nne afande alifika na kitabu, kalamu na futi ya kupimia. Majirani walisogea, si kwa kushangaa, bali kama watu wanavyosogea gari linapovutwa kutoka mtaroni. Msuluhishi alirudi kutoka kazini, akamletea afande kiti na maji baridi. Afande alipima kila alama kwa marefu na mapana. Mwalimu alisimama mlangoni, mikono imekunjwa kifuani, na mara kwa mara alimtazama fundi.

"Samahani, afande," alisema Msuluhishi. "Niruhusu nizungumze kidogo na mke wangu ndani. Dakika moja tu."

"Bila shaka."

Mlango ulifungwa. Mama Duka alinyoosha mkono akaongeza sauti ya redio, na kutoka nyumba ya tisa na ya kumi na tatu redio nyingine nazo zikapanda, maana mtaa ulikuwa umezoea. Fundi alishika ngazi yake kwa mikono miwili ingawa hakukuwa na mtu juu. Kisha, mbele ya afande, sentimita chache juu ya futi yake, alama mpya ikaanza kupanda ukutani. Ilipanda polepole, kama doa la zamani linavyopenya rangi nyepesi. Kwanza ilikuwa waridi, kisha nyekundu, na mwishowe vifundo vinne na pete.

Afande alisogeza futi, akaipima, akaandika.

"Kumi na tano," alisema.

Mlango ulifunguliwa. Mwalimu alitoka akiwa ameshika fremu ya mlango, anapumua kwa mdomo. Uso wake ulikuwa laini kama yai. Afande alimgeuza kidogo kwenye mwanga, huku na huku, kwa adabu.

"Mwanamke hana alama," aliandika. "Ukuta una alama." Akainua kichwa. "Nyumba ni ya nani kwa hati?"

"Yangu," alisema Msuluhishi.

"Basi aliyeharibiwa mali yake ni wewe. Unalalamika?"

Msuluhishi alifikiri kama alivyofikiri siku zote kwenye kamati, kidole kwenye kidevu. "Hapana, afande. Nimesamehe."

Majirani wawili watatu walitikisa vichwa kwa kuuheshimu moyo huo.

"Afande," alisema fundi, "si umeona mwenyewe? Imetokea mbele ya macho yako!"

"Nimeona ukuta, mzee," alisema afande, akafunga kitabu.

Mwalimu alichukua kikombe cha maji alichokinywea afande, akaingia nacho ndani.

Ijumaa fundi alipaka. Mkono wa kwanza wa rangi ulikauka vizuri, na kabla ya saa tano alama zote zilikuwa zimerudi. Alipaka wa pili. Aliongeza simenti, akapaka wa tatu, na huo nao ukapenywa. Mwenyekiti alikaa kwenye ukingo wa barabara, kichwa mikononi. Nafasi ya pili tena, alisema, kwa sababu ya ukuta mmoja mkaidi.

Aliyepata dawa ni Mama Duka. "Jamani, kwani lazima rangi ya maziwa? Ukuta ukikataa rangi ya mtaa, mtaa uvae rangi ya ukuta. Mambo yameisha."

Watu walicheka kwa raha, kwa kuwa lilikuwa jambo rahisi hivyo. Fundi aliambiwa achanganye. Alitia zambarau, akatia nyekundu kidogo, tone la kijani na njano ya kufifiza. Alikuwa fundi hodari, na hakujua kuchanganya vibaya. Alijaribu kuomba kama kawaida. Alifika kwenye mkono uwe mwepesi, akaacha katikati.

Kila kaya ilikuja na ndoo na brashi yake, na kila mtu alipaka ukuta wake mwenyewe. Jua lilipozama, nyumba zote thelathini na tatu zilikuwa na rangi moja.

Jumamosi waamuzi walitembea kutoka mwanzo wa mtaa hadi mwisho wake. Walisema hawajawahi kuona umoja kama huo, hakuna nyumba iliyojitenga. Walitoa nafasi ya kwanza. Kikombe cha ushindi kilipokewa na Msuluhishi kwa niaba ya wote, naye alihutubia kwa ufupi juu ya ujirani mwema. Mwalimu alikuwa mstari wa mbele na watoto wake wa chekechea, nao walipiga makofi kama walivyofundishwa. Siku hiyohiyo mitaa miwili ya jirani iliagiza rangi ileile. Duka la vifaa vya ujenzi liliipa jina: Amani.

Jumatatu asubuhi fundi alipita mbele ya nyumba ya kumi na moja na ngazi begani, akielekea kazini kwenye mtaa wa pili. Mwalimu alikuwa anafunga mlango.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Mzee, wewe unajua rangi. Alama ya jana unaiona?"

Fundi aliishusha ngazi. Alitazama ukuta kuanzia mlangoni hadi dirisha la jikoni, kwa karibu, kisha kwa mbali, macho yake ya miaka ishirini na tisa yakitafuta nyekundu ndani ya zambarau. Kisha akauwekea kiganja. Chini ya dirisha, ukuta ukajikunyata.

"Ipo," alisema. "Lakini siioni."

"Hata mimi siioni," alisema mwalimu. Alitundika mkoba begani upande usiouma, akaenda shule, ambako somo la kwanza siku hiyo lilikuwa kutaja rangi.