Wino Mbichi wa Mfalme

Kila Alhamisi saa nne asubuhi, mama mmoja mwanahistoria aliingia studio ya redio, akavua viatu chini ya meza, akaanza kuwaeleza watu habari za ufalme. Wasikilizaji walikuwa wamembandika jina la Mama Viti, kwa kuwa hakuweza kumaliza robo saa bila kutaja kiti cha enzi. Hakuudhika. Alikuwa amefundisha chuoni miaka thelathini, wanafunzi wakisinzia. Huku redioni angalau watu walimtania, maana yake walikuwa macho.

Watu walitaka kujua mfalme wa siku hizi ana kazi gani, kama bunge ndilo linalotunga sheria na mawaziri ndio wanaoendesha serikali. Naye aliwajibu kwa lugha ya nyumbani: mfalme ni sahihi chini ya karatasi. Hatawali. Anakaa tu pale juu, ili wengine wote wajue kuwa nafasi ile haigombewi.

Mwaka ule mfalme alimaliza miezi minne bila kuonekana hadharani. Minong'ono ikazagaa. Alhamisi moja msikilizaji akapiga simu kuuliza waziwazi: "Mama, mzee yu hai kweli?"

"Mwanangu, mimi si daktari wake," alijibu, na mtangazaji akacheka. "Ila kisheria swali lako halina uzito. Anayekufa ni mtu. Mfalme hafi. Kiti hakikai wazi hata dakika moja."

Nyumbani, wifi yake, ambaye walikuwa wakiishi pamoja tangu wote wawili wafiwe na waume, alimpokea kwa maneno. "Wifi, ungemjua kaka yangu kama unavyomjua huyo mfalme, marehemu angekufa anatabasamu."

Wakacheka mpaka chai ikapoa.

Siku ya tatu ilikuja barua kutoka kwenye jumba la kifalme. Aliitwa kwa mazungumzo, saa sita mchana.

Alipokelewa na karani mkuu, mzee mwembamba aliyevaa suti iliyopigwa pasi hadi ikang'aa viwikoni. Ofisi yake ilikuwa na meza mbili, kabati la mafaili, na mlango wa ndani wenye kitasa cha shaba. Karani hakupoteza muda. Alichukua karatasi kutoka kwenye trei, akamwonyesha kuwa haina sahihi, akasema, "Nisubiri hapa, profesa." Akaingia nayo chumba cha ndani. Mwanahistoria hakusikia sauti ya mtu. Punde karani akarudi, akaiweka karatasi mbele yake.

Wino ulikuwa mbichi. Ulikuwa bado unameremeta.

Sahihi ile aliijua kama alama za kiganja chake. Tangu mfalme apooze mkono, miaka sita nyuma, ilikuwa ikitetemeka na kuanguka mkiani. Hii ilikuwa imenyooka, na kitanzi kipana mwanzoni, kama alivyoandika akiwa kijana.

"Mkono wake umepona?" aliuliza.

"Mwenye mkono ule tulimzika mwanzoni mwa mvua," karani alisema. "Bustanini. Tulikuwa watu sita."

Karani akaeleza taratibu, kama mtu aliyesubiri muda mrefu kupata wa kumwambia. Mfalme hakuacha mtoto. Mrithi ni mpwa wake, anaishi nchi ya mbali, na barua alizoandikiwa hakujibu hata moja. Basi wakaona wasitangaze msiba kwanza, wasubiri siku mbili tatu. Asubuhi baada ya mazishi, kwa mazoea tu, karani aliweka karatasi mezani kwa mfalme. Adhuhuri akazikuta zimetiwa sahihi.

"Nilidhani nimerukwa na akili, nikanyamaza. Kumbe mpishi naye amenyamaza. Alikuwa akipeleka chai, na kikombe kinarudi kitupu. Kila mmoja alidhani ni yeye peke yake. Mpaka juzi tulipokuwa jikoni tukisikiliza kipindi chako. Uliposema mfalme hafi, tukatazamana. Ndipo tukaambiana."

"Mzee wangu, nilikuwa nazungumzia sheria. Ile ni namna ya kusema tu!"

"Sisi namna ya kusema hatuijui. Tunajua kazi."

Akaufungua mlango wa ndani.

Chumba kilijaa mwanga wa mchana, mapazia wazi, hakuna pembe ya kumficha mtu. Kulikuwa na meza, kalamu isiyo na kifuniko, na kiti kirefu chenye mto wa mahameli. Mto ulikuwa umedidimia katikati. Mwanahistoria aliutazama, na kabla hajawaza lolote akahisi magoti yake yanakunjika. Yeye, aliyewaambia watu miaka yote kwamba heshima ya kiti ni makubaliano tu, alikuwa amepiga goti mbele ya chumba kitupu.

Kisha mto ukainuka. Pole pole, kama mto unavyoinuka mtu anapoondoka juu yake. Karani akainamisha kichwa, na macho yake yakafuata kitu kilichopita kati yao kuelekea dirishani.

Mwanahistoria alitoka kinyumenyume hadi mgongo ukagonga kabati la mafaili.

"Tunaomba uwaeleze watu," karani alisema alipofunga mlango. "Taratibu, kama unavyoeleza."

"Nitawaeleza. Lakini nitawaambia amekufa."

Alitarajia kukaripiwa. Karani alitoa leso, akajifuta macho. "Waambie, profesa. Tumechoka kutembea kwa ncha za vidole."

Alhamisi iliyofuata alisema kila kitu kuhusu kifo na mazishi. Habari ya wino aliimeza. Habari zilimfikia mpwa huko aliko, na kabla ya mwezi kwisha alirudi, mtu wa makamo mwenye miwani na aibu usoni.

Siku ya kutawazwa, mwanahistoria aliketi ukumbini na mtangazaji, kipaza sauti mbele yao. Mpwa alipanda ngazi, akageuka, akakaa. Mara akashtuka, akajisogeza hadi ukingo wa kiti, kama abiria anayempisha mwenzake.

"Mbona anakaa pembeni?" mtangazaji alinong'ona.

Mwanahistoria alivuta kipaza sauti karibu. "Mfalme ameketi," aliwaambia wasikilizaji, akaishia hapo.

Baadaye wageni walipanga mstari kupeana mkono na mfalme mpya. Zamu ya mwanahistoria ilipofika, mfalme hakuuachia mkono wake. Kiganja chake kilikuwa cha baridi.

"Wewe ndiye unayeeleza," alisema kwa sauti ya chini. "Kuna utaratibu wowote wa kumwomba aondoke?"

"Nitatafuta, mtukufu."

Tangu hapo kila siku yuko ghorofa ya tatu ya hifadhi ya nyaraka, miwani puani, akifunua kurasa zilizoliwa na wadudu. Taratibu za kumkalisha mfalme ameshazipata kumi na moja. Ya kumwinua bado.