Jibu Lililobaki Ng'ambo

Barabara ile ilikuwa fupi mno. Iliunganisha barabara kuu mbili, na gari likiingia huku, mara limetokea kule. Lakini ilikata mtaa katikati, ikamwacha fundi cherehani upande huu na wifi yake upande ule, na daraja la waenda kwa miguu likawekwa mbali.

Zamani wawili hao walitegana vitendawili madirishani, na sharti lao lilikuwa moja: aliyeshindwa humfuata mwenzake nyumbani kuchukua jibu.

Siku uzio wa barabara ulipofungwa, wifi alipaza sauti. "Kitendawili!"

"Tega."

"Wageni wangu hupita mlangoni kutwa, hakuna anayeketi."

Fundi alikuna kichwa, akashindwa. "Nitalifuata, wifi."

"Uje mwenyewe, usinitumie mtu. Nakujua kwa uvivu."

Leo nguo za wateja, kesho goti, keshokutwa jua kali. Miaka ikaenda hivyo hivyo, mpaka binti wa wifi alipopiga simu kusema mama yake anasahau watu. Ndipo fundi alipofunika cherehani, akazunguka kupitia darajani.

Alimkuta wifi dirishani, akitazama magari yakipita bila kukoma. Jibu lilikuwa hapo nje muda wote.

"Ni magari, wifi," alisema. "Nimelifuata jibu langu."

Wifi alimtazama kwa upole, kisha akamsogezea kiti.

"Karibu, mgeni," alisema. "Wewe angalau keti."