Ukurasa wa Ambrose Kejick

Kila Jumanne saa kumi alasiri, Kapteni Lorne Tuckett alipoketi jikoni kuandika historia ya batalioni yake, askari wake marehemu waliingia kwa mlango wa nyuma wakikung'uta tope la Ufaransa kwenye buti zao. Vita ilikuwa imekwisha miaka mitatu nyuma. Mkewe, Hester, aliwatandikia magazeti sakafuni, akawakatia mkate na kuupaka molasi. Alichowakataza ni kuvuta tumbaku karibu na mapazia tu.

Walimsahihisha. Nyumbu aliyekokota jiko la magurudumu aliitwa Duchess, si Daisy. Mvua ya Oktoba ilinyesha siku nne, si mbili.

"Sajini, wewe ulikufa siku ya kwanza. Ya mvua umeyajulia wapi?" askari mmoja alimwuliza mwenzake.

"Nililala ndani yake, mjinga wewe."

Ambrose Kejick, mdunguaji kutoka maziwa ya kaskazini, alikula mkate wake kimya mpaka Machi. Ndipo akaomba sentensi moja kitabuni. Rejista ya batalioni ilisema hajulikani alipo. Yeye alijua: yuko chini ya mti wa peasi, hatua kumi kutoka kisima cha kiwanda cha matofali. Luteni aliyetumwa kumtafuta hakutoka handakini.

"Mama ameandikiwa kwamba nimepotea," alisema. "Mimi sijawahi kupotea, Kapteni. Hata utotoni."

Tuckett akaandika, luteni akiwemo. Kanali Maybury, mwenyekiti wa kamati ya kitabu, akaufuta mstari kwa wino mwekundu. Kwamba shahidi ni marehemu, hilo halikumsumbua. Habari za nyumbu alizipokea bila neno. Ila yule luteni alikuwa mume wa binti yake.

"Waache vijana waishi, Lorne," alisema.

Tuckett alibishana naye majuma matatu, kisha akajiuzulu. Kitabu kikachapwa bila yeye. Ukurasa wa 212: hajulikani alipo.

Majira ya baridi yaliyofuata alipanda treni hadi kituo cha mwisho, akavuka ziwa lililoganda kwa miguu. Mama yake Ambrose alikuwa akichuna sungura. Tuckett akamweleza yote, mti, kisima, hatua kumi, na jinsi mstari ulivyofutwa.

Mama hakuacha kuchuna.

"Najua, mwanangu. Ambrose huja hapa Jumapili, ameshanichorea hata ramani. Nilitaka waseme wao, wa jeshi."

Tuckett akavua kofia. Akavuta kigoda, akamsaidia kuchuna sungura waliobaki.