Mkamwana Nyuma ya Pazia

Anjela aliolewa na Mnyakyusa, na kwa miaka yote ya ndoa yake hakuwahi kumtazama baba mkwe wake usoni. Msishangae. Ndiyo adabu ya wazee wa kule: baba mkwe na mkamwana hawakai chumba kimoja, hawapeani mkono, hawasemeshani, na wakikutana njiani mmoja huingia migombani mpaka mwenzake apite. Siku hizi wengi wameiacha, hasa wa mjini. Wanakula na wakwe zao meza moja, na kwenye harusi wanapiga picha wamekumbatiana. Lakini Mzee Gwakisa wa Tukuyu hakuwa mtu wa siku hizi. Akija Mbeya kumtembelea mwanawe Jofrey, pale Soweto, alikuwa anakohoa tangu getini. Anjela akisikia kile kikohozi anatokea mlango wa jikoni, na chakula cha mzee kinapelekwa na binti yao, Happy.

Kwao Anjela ni Kilolo, na Wahehe nao wana adabu zao, lakini hii ilimshinda. Mwanzoni alilia, akidhani amechukiwa. Mama mkwe wake, Mungu amrehemu, ndiye aliyemweka chini akamwambia, "Mwanangu, mwanamume asiyekuheshimu ndiye anayekukodolea macho." Tangu hapo Anjela akaanza kuona. Mkungu wa ndizi mnono kuliko yote uliachwa mlango wa jikoni, si sebuleni. Alipojifungua Happy, mzee alileta ng'ombe wa maziwa bila salamu wala neno. Basi wakaishi hivyo, wakipendana kwa kukimbiana.

Sasa Anjela ni muuguzi. Wodi yake ni ya upasuaji, upande wa wanaume, katika hospitali moja pale mjini. Jumapili moja asubuhi, akiwa anatandika kitanda cha mgonjwa aliyeruhusiwa, akasikia magurudumu ya machela, halafu kikohozi. Alikifahamu kikohozi kile. Akadondosha shuka, akajibanza nyuma ya pazia la kitanda cha pili kama mwizi, sare yake nyeupe na yote.

Ilikuwa ngiri. Kumbe mzee alikuwa nayo miaka na miaka, akiifunga kwa kitambaa chini ya suruali, na hakumwambia mtu. Wahenga walishasema, mficha maradhi kilio humfichua. Juzi yake utumbo ulinasa humo ndani ukagoma kurudi, tumbo likavimba, akaanza kutapika. Jofrey alipofika Tukuyu alimkuta baba yake amejikunja sakafuni, anasema ni ndizi tu zimemkataa. Daktari Eliezeri alimpapasa mara moja akanyoosha mgongo. "Huyu anaingia chumba cha upasuaji sasa hivi," akasema. "Mwandaeni."

Zamuni walikuwa wawili, Anjela na Zuena. Zuena ni mtoto wa Mbeya mjini, wa ukoo wa wafanyabiashara Waislamu waliotoka pwani zamani, mwenye ulimi mwepesi na mikono myepesi zaidi. Anjela akamvuta pembeni.

"Ni baba mkwe wangu. Siwezi kumgusa."

"Huwezi kumgusa mgonjwa?"

"Si mgonjwa. Ni baba mkwe."

"Nyie watu wa Tukuyu mna mambo!"

"Mimi wa Kilolo, Zuena. Nimeolewa tu."

Zuena akacheka kidogo, lakini alikuwa ameshavuta kigari cha vifaa. Akavuta na pazia kukizunguka kitanda. Mzee akamuuliza kwa sauti ya kukwaruza, "Mama Happy yupo zamu?"

"Yupo, mzee."

"Asije huku."

"Haji."

Na kweli hakuja. Lakini mgonjwa wa haraka haandaliwi na mtu mmoja. Basi Anjela akasimama nje ya pazia, na mkono wake tu ndio ukawa unapenya. Ukapitisha dripu, ukapitisha mpira wa puani wa kutoa uchafu wa tumbo, ukapitisha mpira wa mkojo na wembe. Kila Zuena alipotaka kusahau jambo, Anjela alimnong'oneza. Meno ya mbele ni ya bandia, yatolewe. Shingoni ana rozari, apewe Jofrey. Mwambie kule ndani kuna baridi na taa kubwa, asiogope. Mwambie atalala, na akiamka atakuwa na kiu kali, ila maji hatapewa kwanza. Mtu akiingia kule bila kuambiwa atakachokikuta, hofu inamuumiza kabla ya kisu. Anjela huwaambia wagonjwa wote maneno hayo, kwa mdomo wake mwenyewe, ameshika mikono yao. Huyu mmoja ilibidi ayasikie kwa mdomo wa mwingine, na jambo hilo lilimchoma.

Upasuaji ukaenda vizuri. Daktari alikata kipande cha utumbo kilichokufa, akaunga, akaziba tundu la ngiri. Mchana mzee akarudishwa wodini, anagunaguna kwa usingizi wa dawa. Zuena akampokea, akafunua, akatazama kidonda pale kinenani: bandeji kavu. Akamfunga mkononi kile kitambaa cha mashine ya kupimia presha, akamfunika blanketi.

Hapo ndipo simu ilipolia. Gari limepinduka barabara ya Tukuyu, majeruhi wanaletwa, chumba cha upasuaji kinataka mtu wa kuongeza nguvu. Zuena akavaa kofia.

"Na mzee ataangaliwa na nani?" Anjela akauliza.

"Na wewe."

"Zuena, unajua."

"Najua. Na mimi nakukumbusha, mficha uchi hazai." Akaondoka mbio.

Anjela akabaki na wodi nzima. Mgonjwa aliyetoka kupasuliwa haachwi hivi hivi. Kila baada ya muda mfupi anatazamwa presha, mapigo, kupumua, na kidonda. Anjela akafikiri, akaona njia. Akamwita mumewe, aliyekuwa akingoja koridoni.

"Baba Happy, ingia kwa mzee. Bonyeza kile kitufe cha kijani, unisomee namba."

Jofrey akaingia. Anjela akasimama nje na karatasi yake, akiandika anachoambiwa. Namba za kwanza zilikuwa nzuri. "Sasa funua, uangalie bandeji na shuka chini yake. Pamelowa?"

Blanketi likasikika likichakarika. "Pakavu," Jofrey akasema.

Akaenda kumbadilishia dripu mgonjwa wa kona, akarudi. Jofrey akasoma tena. Presha ilikuwa imeshuka kidogo, mapigo yamepanda. Inaweza kuwa maumivu, Anjela akajiambia. "Kidonda?"

"Pakavu, Mama Happy."

Ndani ya pazia mzee alikuwa anasogeza miguu, anaomba maji kwa sauti ya chini. Si aliambiwa atakuwa na kiu? Anjela akajituliza kwa hilo. Mara ya tatu Jofrey alisoma namba pasipo wasiwasi wowote, maana yeye ni fundi wa pampu za maji, hajui. Presha themanini kwa hamsini. Mapigo mia na thelathini.

Wee! Namba zile hazitoki kwa mtu aliye mkavu. Alikuwa ameshika ukingo wa pazia, na nawaambia ukweli, mkono uligoma. Alimwona marehemu mama mkwe wake, akaona ile migomba ya Tukuyu alikojificha mara ngapi sijui, akaona mashangazi watakavyomsema. Kisha akasikia pumzi ya mzee, fupi fupi. Akalivuta pazia lile mpaka mwisho.

Macho yao yakakutana. Yalikuwa macho ya Happy, yale yale, na Anjela hakuwa amejua. Hakupata nafasi ya kushangaa. Uso wa mzee ulikuwa wa majivu, jasho baridi limemjaa kwenye paji la uso. Akafunua blanketi. Bandeji kwa juu ilikuwa na doa dogo tu, lakini damu haikai juu, hufuata mteremko: alipopitisha mkono chini ya paja, godoro lote lilikuwa limelowa mpaka mgongoni.

"Jofrey! Mwite daktari! Kimbia!" Akabandika furushi la shashi juu ya kidonda, akaegemea kwa mikono miwili na uzito wake wote. Akamwita ndugu wa mgonjwa wa jirani, wakainua kitanda upande wa miguu. Kwa mkono mmoja akafungulia dripu ikimbie, kisha akarudi kukandamiza.

"Toka, mama," mzee akasema. Sauti ilikuwa inatoka mbali.

Anjela hakuwahi kumwambia neno moja maishani, na la kwanza likawa hili: "Sitoki, baba. Nikitoka unakufa."

Mzee akainua mkono, akafunika uso wake mwenyewe. Akakaa hivyo, uchi mbele ya mke wa mwanawe, naye mke wa mwanawe akiwa amemwegemea, mpaka Daktari Eliezeri alipoingia. Hakuuliza mengi. Wakamrudisha ndani wakikimbia, Anjela bado amekandamiza, hakuachia mpaka mlangoni. Mshipa mmoja ulikuwa umeteleza kutoka kwenye uzi. Ukafungwa. Jofrey na wapangaji wenzao wawili wa Soweto wakatoa damu.

Baadaye wakiwa wamekaa kwenye benchi la korido, Jofrey akasema huku anatazama viatu vyake. "Sikufunua."

"Ulisema pakavu!"

"Nilipapasa juu ya blanketi. Ni baba yangu, Mama Happy. Nitamfunuaje baba yangu?"

Anjela alitaka kumtukana. Maneno yalikuwa yamemjaa mdomoni, makali ya Kihehe. Lakini yeye je? Jofrey ni fundi wa pampu. Aliyesomea kidonda ni nani, na alikuwa amesimama wapi? Akajikuta anamkasirikia mumewe kwa kosa lililokuwa lake nusu, akaenda kubadilisha sare iliyokuwa imeganda damu mpaka viwikoni.

Mzee akapona. Mashangazi walifika kutoka Tukuyu na minong'ono yao. Mkamwana amemwona mkwe, mambo haya hayaachwi hivi hivi, lazima kikao kikae, pengine ng'ombe atoke. Hakuna aliyesema mbele ya Anjela, ila alisikia, korido haina siri. Naye akarudi kule kule nyuma ya pazia. Zuena ndiye aliyemwogesha mzee, akamkalisha, akamtembeza hatua za kwanza, akamnywesha uji. Mzee hakumuulizia Mama Happy hata siku moja. Anjela akasema moyoni, nimemwokoa na nimempoteza, na akiwa peke yake chumba cha dawa alilia.

Siku ya kubadilisha bandeji, kabla hajaruhusiwa kwenda nyumbani, Zuena alisukuma kigari mpaka kitandani. Mzee akamzuia.

"Wewe acha. Mwite mwenyewe."

"Mwenyewe nani, mzee?"

"Aliyeniona."

Zuena akatoka, akamwonyesha Anjela kitanda kwa kidole tu. Anjela akanawa mikono, akaingia. Mzee alikuwa ameugeuza uso ukutani, ameshaufunua upande wa kidonda kwa mkono wake. Mashangazi wawili waliokuwa wameketi pale wakainuka, wakatoka nje bila kuaga.

Akavaa glavu. Akatoa bandeji ya zamani taratibu, akilowesha ilipong'ang'ania. Kidonda kilikuwa kizuri, kimevimba kidogo tu kwenye mshono wa chini. Alipoanza kusafisha, mzee akasema na ukuta.

"Nilihisi."

"Nimekuumiza, baba?"

"Siku ile. Damu. Niliihisi mapema, kabla huyu Jofrey hajaanza namba zake. Ya moto, inanishukia mgongoni."

Mkono wa Anjela ukasimama. "Sasa kwa nini hukuita?"

"Niliisikia sauti yako hapo nje. Yule mwenzako alishaondoka. Ningeita, ungeingia wewe. Nikasema, huyu mtoto wa watu ametoka Kilolo, wala hii si mila ya kwao, na ameniheshimu miaka yote hii bila kuchoka. Leo nimwite aje aone haya? Nikaona heri ninyamaze, nife kimya, abaki na heshima yake."

Machozi yakamtoka Anjela papo hapo. Glavu zilikuwa safi, hakuweza kujipangusa. Akageuza kichwa pembeni yasije yakadondokea kidonda, akayaacha yatiririke mpaka shingoni. Kumbe walikuwa wawili. Mmoja anavuja damu kimya upande huu wa pazia, mwingine amesimama na karatasi upande ule, na kila mmoja anamstahi mwenzake. Wangeheshimiana hivyo mpaka mzee azikwe.

Alipopata sauti akasema, "Baba, siku nyingine uite."

Mzee akauuliza ukuta.

"Nitakuita nani?"

Na kweli. Hakuwahi kumwita, si kwa jina wala kwa ishara. "Mama Happy" alilisema kwa watu wengine tu, akimtaja mtu asiyekuwapo.

"Niite Anjela."

Mzee, uso bado uko ukutani, akalijaribu polepole, kwa sauti ndogo ya mtu asiye na hakika kama anaruhusiwa.

"Anjela."

"Abee, baba."