Stendi Isiyotaka Ndoo

Siku Bosi Kuwabara alipoileta ofisini stendi yake mpya, aliilaza juu ya meza ya mikutano kama mtu anayemlaza mtoto mchanga, na kazi zote zikasimama. Ilikuwa stendi ya kuegeshea fimbo za kuvulia samaki ufukweni, ya miguu mitatu inayometameta, nyepesi ajabu. Bosi aliinyanyua kwa kidole kimoja. Kisha akataka kila mtu ainyanyue kwa kidole kimoja, kwa kufuata vyeo, kuanzia naibu wake hadi Nezu wa usafirishaji, na kila aliyeinyanyua alishusha pumzi ya mshangao kama ilivyompasa.

Nezu alishangaa kuliko wote. Alikuwa na sababu. Yeye na mkewe Sachie walikuwa wamehamia kwenye nyumba yao wenyewe hapo mjini Hamamatsu, bado inanukia mbao mpya, na Sachie hajamaliza hata kushona mapazia. Na katika kampuni ile ya vifuniko vya chupa, hakuna asiyejua yanayompata mtu aliyetoka kununua nyumba. Anahamishwa. Mwenye mkopo wa nyumba hathubutu kuacha kazi, basi ndiye anayepelekwa kule ambako wengine wangekataa, peke yake, mke na watoto wakibaki kulinda nyumba. Mwaka huo tawi la Kushiro, kaskazini kwenye baridi ya kugandisha kope, lilitafuta mkuu wa ghala, na mwenye kauli ya kumchagua alikuwa Kuwabara.

Kwa hiyo Nezu alinyamaza. Alijua, kama ajuavyo kila aliyewahi kuvua Enshu, pwani ya mji huo, kwamba upepo wa kule hauna adabu. Ama unapigilia bomba mchangani likazama vizuri na fimbo ukaichomeka humo, ama unatumia miguu mitatu na kuining'inizia ndoo ya maji ya bahari katikati, iwe nanga. Stendi ikiwa nyepesi, ndoo inatakiwa iwe nzito zaidi. Naibu alijaribu kuligusia jambo hilo kwa mbali, akaambiwa: "Ndoo? Nimenunua urembo wote huu ili niufunike kwa ndoo?" Naibu akacheka, akasema kweli, ndoo ni ushamba. Bendera hufuata upepo, na Jumamosi iliyofuata klabu nzima ya uvuvi ya kampuni ilikuwa dukani ikigombania stendi kama ya bosi. Nezu naye alinunua. Ile yake ya chuma, iliyomtumikia miaka bila kuanguka, aliisukumia kabatini pamoja na ndoo yake.

Aliyekataa alikuwa mmoja tu, Bi Iwakura wa uhasibu. Siku ya safari ya klabu kwenda kuvua alishuka kwenye gari na kipande cha bomba la plastiki la maji, ncha kaichonga mshazari, na nyundo ya mbao. Wenzake walimtazama kwa huruma, maana wote walijua kwamba Kushiro inamnyemelea ama yeye mkaidi, ama Nezu mwenye nyumba mpya. Alipigilia bomba lake, akachomeka fimbo, akarusha mshipi, akakaa kwenye kiti chake na kufungua chupa ya chai.

Bosi alichagua kusimika stendi yake karibu kabisa na maji, kwa sababu pale picha inatoka vizuri. Kabla hata hajapigwa picha ya pili, upepo ulikuja. Stendi iliyumba, mguu mmoja ukaacha mchanga, na Nezu akajikuta ameruka na kuikumbatia.

"We Nezu, vipi?" aliuliza Bosi.

"Naifuta mchanga tu, Bosi."

Akaifuta. Upepo haukukoma, naye hakukoma kufuta. Mwisho alipiga magoti, mikono miwili kwenye miguu ya stendi, akatulia hapo; yake mwenyewe haijatoka hata garini. Kuwabara aliutazama urembo wake ukisimama imara katikati ya upepo, akawageukia wengine na kuwauliza kama sasa wanaona kwamba ndoo haihitajiki. Wakasema wanaona. Walikuwa wamepiga magoti wote, kila mtu kaishikilia ya kwake, na hakuna aliyebaki na mkono wa kuvulia. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Wale walilisikia mno, na sasa magoti ndiyo yaliyokuwa yakiwauma.

Bi Iwakura alikuwa akitoa samaki. Alipopita kwenda kuchukua chambo, aliinama karibu na Nezu.

"Kaka Nezu, ndoo ninayo ya ziada. Nikuletee?"

"Dada yangu, nakuomba. Usinitie matatani."

"Matatani zaidi ya hapo?" alisema Bi Iwakura, akaenda zake.

Mara fimbo moja kati ya mbili za Bosi ikatikisika. Bosi akaikamata, akavuta kwa kelele nyingi, akatoa samaki asiyezidi kidole gumba. Walipiga makofi wale walioweza; Nezu alipiga kwa kutingisha kichwa. Bosi akairudisha fimbo kwenye stendi, ubavuni mwa ile nyingine, akamchuchumalia Nezu na uso uliojaa upendo.

"Nezu, leo nimekuona."

Moyo wa Nezu uliruka kwa furaha. Akamwona Sachie akitundika mapazia.

"Kushiro kuna upepo kuliko hapa," aliendelea Bosi. "Nilikuwa nimpeleke Iwakura. Lakini yule atauliza maswali. Wewe ukiambiwa shika, unashika. Na nasikia umenunua nyumba. Hongera sana."

Wote walikuwa wakimtazama. Kwa habari kama ile mtu hujibu kwa njia moja tu: huinama akashukuru, na kwa kuwa Nezu tayari alikuwa amepiga magoti, adabu ilimtaka ainame mpaka chini, viganja vyote viwili vitandazwe mchangani na paji la uso liviguse. Aliitazama mikono yake ilipokuwa. Hasira ilimpanda, hasira safi ambayo hakuwahi kuijua kazini.

"Nashukuru sana, Bosi," alisema, akaachia stendi, akainama.

Alisikia upepo ukija. Alisikia miguu mitatu ikigongana na fimbo mbili zikiburuzwa, na wimbi likivipokea vyote.

"Nezu! Nezu, stendi!"

Mdogo hainuki kabla hajaruhusiwa. Nezu akainama zaidi.